Kuku wamejikunyata, kinyesi kijani, mmoja amepinda shingo: hii ni kideri (Newcastle) au nini? (Utawala)

#1 Kifaranga254
Wadau, habari za asubuhi. Niko Utawala, Nairobi. Nafuga kuku wa kienyeji walioboreshwa nyuma ya nyumba, kama 30 hivi, umri wa miezi 4. Upande wa pili wa wavu nina vifaranga wa wiki 5. Tangu mwanzo wa wiki iliyopita mambo yameharibika. Wakubwa wanasimama pembeni wamejikunyata, manyoya yamesimama, mabawa yanaburuta. Kinyesi ni majimaji ya kijani. Mtetea mmoja shingo imepinda, anazunguka palepale, akidonoa punje anaikosa. Vifaranga nao wanaharisha na wengine kinyesi kina damu. Wakubwa wanne wamekufa na vifaranga kadhaa.

Maelezo ambayo najua mtaniuliza: niliongeza mitetea wawili kutoka sokoni wiki juzi. Tangu nione damu nimetia amproliamu, ile dawa ya koksidia (vijidudu vya utumbo vinavyoharisha damu), kwenye maji, na wote wanakunywa maji hayohayo, wakubwa kwa wadogo. Chanjo ya Newcastle walipewa mara moja wakiwa vifaranga, kwa maji. Mwenye agroveti ameniuzia poda ya antibiotiki, oksitetrasaiklini, bila hata kuuliza kuku wana umri gani. Ninachotaka kujua: huu ni ugonjwa mmoja au ni mingi? Na kuna wa kuokoa?

#2 Jogoo_la_Shamba
Pole sana ndugu. Kabla wataalamu hawajafika: walio wagonjwa umewatenga? Na uweke picha ya kinyesi. Najua kuna watu hapa wako kwenye chai na mandazi, watavumilia.

#3 MzeeWaDagoretti
Hiyo ni kideri, hakuna mjadala. Kuku wa sokoni ameingia, wiki mbili hazijaisha, kijani imetoka, shingo imepinda. Unataka ishara gani tena? Nimefuga Dagoretti tangu miaka ya themanini. Kila mwaka baridi ya Julai ikianza kulegea na upepo wa Agosti ukiingia, boma moja hadi jingine kuku wanalala. Katakata shubiri, loweka kwenye maji yao, ongeza pilipili kali na majani ya muarobaini. Wenye uhai watasimama.

#4 ShangaziKayole
Pole mwanangu. Mimi nasema Gumboro. Kuku wa jirani yangu walikuwa hivyohivyo, wamejikunyata na kuharisha, wakaisha wote.

#5 DktWaMitaani
Mimi ni msaidizi wa afya ya mifugo, nazunguka Kasarani, Mwiki, Njiru mpaka Ruai. Tusikimbilie jina la ugonjwa.

Kwanza, kinyesi cha kijani peke yake hakisemi kideri. Kuku akiacha kula, nyongo hushuka kwenye utumbo mtupu na kinyesi hugeuka kijani. Ugonjwa wowote unaomnyima kuku hamu ya kula utakuletea rangi hiyo. Nimeitwa mara nyingi kwa "kideri" na nikakuta kuku ambao hawajala kwa sababu tofauti kabisa.

Pili, kideri kikali kwenye kuku wasiochanjwa hakingoji. Leo mmoja, kesho watano, siku chache banda limekuwa tupu. Kwako wamekufa wanne kati ya 30, na wengine bado wanasimama. Hapo kuna mambo mawili: ama ile chanjo ya utotoni imebakisha kinga kidogo na kideri kimekuja kwa upole, ama si kideri. Kuku wakubwa wanaokufa mmojammoja, kinyesi cha kijani chenye umanjano, upanga wa kichwani umepauka kama hauna damu: hiyo ni picha ya homa ya matumbo ya kuku, na hiyo ni bakteria, ina dawa.

Tatu, Shangazi, kwa heshima zote, Gumboro hushika sana vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Kuku wa miezi 4 ameshaipita. Vifaranga wa huyu ndugu ndio wako kwenye umri wake, lakini wakubwa hapana.

Kifaranga254 tujibu: upanga una rangi gani? Wanakoroma kooni au kupumua mdomo wazi? Macho yamevimba? Na umesema amproliamu wanakunywa wote. Tangu lini, na kwa kipimo gani?

#6 ShangaziKayole
Asante Daktari, nimekusikia. Lakini hao vifaranga basi wana Gumboro. Hapo sijatoka.

#7 DadaKangemi
Mzee #3, shubiri na pilipili sikatai kwamba kuku wanakunywa, hata mama yangu alitumia. Kinachoniuma ni watu kuketi wakisubiri shubiri ifanye kazi huku majirani hawajaambiwa. Kideri ni virusi, hakina dawa ya kutibu, si ya mti wala ya dukani. Mimi nina kuku wa mayai Kangemi. Kilipopita mtaani kwetu, waliobaki na kuku ni waliokuwa wamechanja na wakarudia chanjo kwa wakati. Waliochanja mara moja wakasahau walipoteza nusu, na waliotegemea dawa za mitishamba walibaki na mabanda ya kuuza.

Na kuhusu kuchanja mara moja, hiyo chanjo ya utotoni haimbebi kuku maisha yote. Kwa kienyeji rudia kila miezi 3 au 4.

#8 MzeeWaDagoretti
Binti yangu, sijasema asichanje. Nimesema aliye mgonjwa sasa apewe nini. Chanjo haimfufui anayekufa.

#9 Mhasibu_Mfugaji
Mbona hakuna aliyeuliza wanakula nini? Watu wengi wanaofuga mtaani siku hizi wananunua mfuko mmoja wa chakula cha kukuzia halafu wanaurefusha na pumba za mahindi kutoka posho mill. Pumba zikikaa kwenye unyevu zinaota ukungu na ukungu unaleta sumu ya aflatoksini. Kuku wanazubaa, hawakui, wanaharisha, wanakufa pole pole. Sumu hii yenyewe ilijulikana kwa sababu ya ndege wa kufugwa: mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikawa njugu zenye ukungu kwenye chakula chao. Hapa kwetu 2004 watu 125 walikufa Ukambani kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Mahindi yanayoua mtu hayawezi kumhurumia kuku.

Ndugu, kama unachanganya pumba, zinuse. Zikiwa na harufu ya uvundo au zimeshikana madonge, mwaga, usiwape.

#10 Kifaranga254
Asanteni wote. Majibu:

Upanga: wawili umepauka sana, wengine umekuwa mweusi-mwekundu hivi kama wa kukosa hewa. Wawili au watatu wanakoroma usiku, nimesikia nikienda na tochi. Jicho moja la mtetea mmoja limevimba na lina povu. Amproliamu wameinywa zaidi ya wiki, napima kwa kifuniko. Na ndiyo, nachanganya pumba, nazinunua kwa gunia. Zilizo chini zimeshika unyevu kidogo.

Wagonjwa wako kwenye boksi varandani. Waliokufa nimewazika kwa kina na kumwaga chokaa, maana hapa kuna mbwa wa mtaa.

#11 Jogoo_la_Shamba
Kwa hiyo majibu yako yamempa kila mtu ushahidi wake. Mzee ana koo linalokoroma, Daktari ana upanga uliopauka, Mhasibu ana gunia. Twende kazi.

#12 DktWaMitaani
Hapo kwenye amproliamu simama kwanza. Dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima yule mdudu wa koksidia vitamini B1. Ukiipitisha muda au kipimo, kuku mwenyewe naye anakosa B1, na kuku aliyekosa B1 mishipa ya fahamu inalegea, anarudisha kichwa nyuma na kutazama juu. Mara nyingi lebo husema siku 5 hadi 7 kwa kipimo kikubwa, halafu unashuka au unaacha. Kwa hiyo mtetea wako mwenye shingo anaweza kuwa na kideri, au anaweza kuwa ni amproliamu. Wape wakubwa maji safi leo, hawakuihitaji. Na vifaranga fuata lebo kwa sindano ya kupimia. Kifuniko cha chupa hii si sawa na cha chupa ile.

#13 DadaKangemi
Naongezea hapo: usichanganye amproliamu na poda ya vitamini kwenye maji yaleyale. Nimeona watu wengi wakifanya hivyo kwa nia njema. Vitamini yenye B1 inaipunguzia dawa nguvu, mdudu anabaki anakula utumbo. Maliza dawa, ndipo uwape vitamini.

#14 KijanaWaBurma
Nauza kuku soko la Burma na nimesoma hapo juu "kuku wa sokoni" imetajwa kama tusi. Wacha niseme ukweli wangu. Kuku wanaokuja Nairobi wanatoka Kitui, Makueni, Bomet, Migori. Wanapakiwa kwenye matenga juu ya basi, wanapigwa na upepo na jua, wanachanganywa na wa watu wengine. Akifika mwenye ugonjwa mmoja, wote wamevuta hewa moja. Mimi siuzi kuku anayezubaa, na wenzangu wengi hawauzi. Lakini ugonjwa huu una siku za kujificha, mara nyingi 5 au 6, zinaweza kufika 15. Kuku anatoka kwangu akiwika, anafika kwako, anaangusha bawa wiki inayofuata. Si mimi niliyemficha.

Anayenunua kuku wa kufuga, si wa supu, amtenge angalau wiki 2. Banda lake, chombo chake cha maji, na uwahudumie wa zamani kwanza ndipo uende kwa mgeni. Wateja nawaambia, wanacheka.

#15 MzeeWaDagoretti
Umesema vizuri kijana. Na siku 15 hizo ndizo nilizozisema mimi kwa lugha ya zamani: wiki mbili hazijaisha.

#16 BintiTanga
Habari za Nairobi. Huku kwetu ugonjwa huo tunauita mdondo. Tulichojifunza vijijini ni ile chanjo ya I-2 ya matone ya jicho. Tone moja, jicho moja, kuku mkubwa au kifaranga kipimo ni kilekile. Inavumilia joto kuliko zile nyingine, kwa hiyo mtu wa mbali bila friji anaweza kuibeba. Kila miezi 3 au 4 mwanakikundi mmoja anapita nyumba kwa nyumba jioni kuku wakiwa wameingia ndani. Chanjo ya kwenye maji ina kasoro: aliyekunywa kidogo amepata kidogo, aliyefukuzwa na wenzake hakupata kitu.

#17 Kifaranga254
BintiTanga asante. Hapa ya matone inapatikana?

#18 DktWaMitaani
Inapatikana. KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, wanatengeneza chanjo za Newcastle, na ipo inayovumilia joto. Hata LaSota, ile chanjo ya kawaida ya Newcastle, unaweza kuitoa kwa tone la jicho ukiwa na kitone chake.

Nimsaidie anayetoa kwa maji, maana hapa ndipo chanjo nyingi za Nairobi zinapofia. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini inaua chanjo hai. Tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, koroga, subiri kidogo, ndipo uweke chanjo. Au tumia maji ya mvua au ya kisima yaliyo safi. Wanyime maji saa moja au mbili kabla ili wawe na kiu, na chanjo iishe ndani ya saa 2. Chombo kisiwe kimeoshwa kwa Jik wala sabuni. Na ukiinunua, iwe kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, uibebe na barafu. Nimeona mtu ameitoa River Road, akaitia mfukoni, akapanda matatu mpaka Ruai kwenye foleni ya jioni. Alifika na maji ya rangi.

#19 ShangaziKayole
Mimi nina mjukuu anacheza na hao kuku kila siku. Hii homa ya matumbo ya kuku inampata mtu? Na hiyo kideri?

#20 DktWaMitaani
Shangazi, homa ya matumbo ya kuku si ile taifodi tunayougua sisi. Bakteria ni jamaa mmoja lakini huyu wa kuku ni mara chache sana kumpata mtu. Kideri kinaweza kuwasha macho ya anayewashika kuku au kuwachanja, jicho linakuwa jekundu siku chache kisha linapona. Lakini kuku ana salmonela nyingine ambazo humharisha mtoto vibaya, kwa hiyo mjukuu anawe mikono kwa sabuni hata kuku wakiwa wazima.

#21 Mhasibu_Mfugaji
Na wale wanaochinja mgonjwa "kabla hajafa" na kumtia sufuriani? Mtaani kwetu hiyo ndiyo tiba nambari moja.

#22 DadaKangemi
Hiyo inanikasirisha kuliko yote. Si kwa sababu ya aliyemla tu. Manyoya na matumbo yanatupwa mtaroni, mbwa anayabeba, kunguru anayabeba, kesho banda la jirani linaugua. Na aliyemlisha kuku oksitetrasaiklini jana anamla leo na dawa ndani yake. Soma lebo, kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya nyama na mayai. Hao wanaotuuzia trei za mayai huku wanatibu, tunakula dawa bila kuandikiwa.

#23 Jogoo_la_Shamba
Dada leo ameamka na moto wake. Lakini swali langu la dhati: basi hiyo oksitetrasaiklini aliyouziwa ndugu ni ya nini kama kideri ni virusi? Kila agroveti nikiingia, kuku akiwa anaumwa na chochote, napewa hiyohiyo.

#24 MzeeWaDagoretti
Mimi nimeona kuku wa kideri wakipona kwa antibiotiki. Nimeona kwa macho yangu.

#25 DktWaMitaani
Mzee, ulichoona sikikatai, maelezo ndiyo tunatofautiana. Ama hakikuwa kideri, kilikuwa mafua ya kuku au ule ugonjwa sugu wa kifua, ambayo ni bakteria na husikia dawa. Ama kilikuwa kideri, wakapona waliokuwa na kinga, na dawa ikawazuia bakteria waliokuja juu ya kideri. Ndiyo maana nasema mwenye kuku apeleke mzoga maabara. Kumpa kila kuku antibiotiki ileile kwa kila kikohozi ndiko kumefanya dawa zishindwe, na zile zinazoshindwa ndizo tunazotibiwa nazo sisi na watoto wetu.

Jogoo, jibu lako: mafua yanavimbisha uso na jicho na pua inanuka vibaya. Kuku wa ndugu mwenye jicho lenye povu anaweza kuwa na hiyo. Kwa hiyo sasa tuna ya tatu.

#26 Mhasibu_Mfugaji
Ya nne. Gunia langu mmelisahau. Na jicho lenye povu linaweza kuwa amonia tu. Maranda yakilowa, kinyesi kikakaa, ile harufu inayokuuma macho wewe ukiinama ndiyo wanayoivuta wao usiku kucha. Inama mpaka kimo cha kuku, ukae hapo kidogo. Ukitokwa na machozi, umepata jibu.

#27 NyuziZaUmoja
Samahani natoka nje ya mada. Jirani yangu Umoja anasema hairuhusiwi kufuga kuku Nairobi na atanishtaki kwa sababu ya jogoo. Kweli?

#28 Mhasibu_Mfugaji
Kaunti ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, kwa hiyo kufuga si haramu kwa sababu tu uko mjini. Lakini harufu na kelele ni kero, na hapo jirani ana haki yake. Kama unataka mayai tu, jogoo wa nini? Kuku anataga bila yeye.

#29 Jogoo_la_Shamba
Nimelichukulia jambo hili kibinafsi.

#30 KijanaWaBurma
Turudi kwa mwenye uzi. Vifaranga wa damu wanaendeleaje?

#31 Kifaranga254
Vifaranga wanapungua kufa. Nimetoa maranda yote yaliyolowa chini ya chombo cha maji, nimeweka makavu, na chombo nimekiinua kwa matofali. Wakubwa amekufa mwingine leo asubuhi. Ndiyo nimeamua, napeleka mzoga na mgonjwa mmoja aliye hai Kabete.

#32 DadaKangemi
Umefanya la maana. Upper Kabete pale kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi wanapasua, na maabara kuu ya mifugo ya serikali iko Kabete pia. Mzoga uwe wa siku hiyohiyo, ufungwe mifuko miwili ya plastiki, na uweke barafu kandokando, usiugandishe. Ukioza ukifika, hawataona kitu. Na usipande nao matatu wazi kwenye kikapu, tafadhali.

Na hilo la maranda ndilo limewasaidia vifaranga kuliko unavyodhani. Mayai ya koksidia yakitoka kwenye kinyesi yanahitaji unyevu na joto siku moja au mbili ndipo yaweze kuambukiza. Dawa nyingi za kuua vijidudu hazigusi hayo mayai. Ukavu ndio unayakomesha.

#33 ShangaziKayole
Mungu akutangulie mwanangu. Uwaulize na Gumboro.

#34 BintiTanga
Jambo ambalo halijasemwa: minyoo na viroboto. Geuza kuku, funua manyoya karibu na kinyeo na chini ya bawa. Angalia kuzunguka macho na upanga, kuna viroboto weusi wanaojibandika pale kama punje za ufuta. Kuku mwenye viroboto wengi upanga unapauka kwa kunyonywa damu, na utasema homa ya matumbo. Usiku pitisha kitambaa cheupe kwenye kichanja, kikitoka na alama za damu una utitiri.

#35 Kifaranga254
Wadau, nimerudi. Nilikaa pale wakampasua mbele yangu, nikaeleza yote kuanzia gunia hadi sokoni. Nawaandikia nilichokiona na nilichoambiwa.

Mkubwa: utumbo una minyoo ya mviringo mingi, mingine mirefu. Ini limevimba na lina rangi kama ya shaba yenye ukijani. Kwenye lile tumbo dogo la kabla ya firigisi kulikuwa na madoa ya damu, machache. Kifaranga: ile mifuko miwili ya mwisho wa utumbo imejaa damu iliyoganda. Huyo hakukuwa na ubishi, ni koksidia. Kwa mkubwa wamechukua sampuli za kuotesha bakteria ili wajue kama ni homa ya matumbo na ni dawa gani inaisikia, na nyingine za kuangalia virusi. Majibu bado. Wameniambia nisimwage antibiotiki nyingine kabla ya hapo.

#36 DktWaMitaani
Ini la rangi ya shaba. Hiyo ndiyo sura ya homa ya matumbo ya kuku, niliisema kwenye #5. Na kumbuka ikithibitishwa, atakayepona anabaki na vijidudu ndani na anavipitisha kwenye mayai. Usiwatotolee vifaranga hao hata wakinenepa.

#37 MzeeWaDagoretti
Na madoa ya damu juu ya firigisi? Hiyo ndiyo kideri kwenye kila kitabu. Umeyaruka kwa nini Daktari?

#38 DktWaMitaani
Sijayaruka Mzee. Machache, kwenye kuku aliyechanjwa mara moja. Nasubiri sampuli. Lakini nakubali yapo.

#39 Mhasibu_Mfugaji
Na ini linavimba kwa aflatoksini pia. Halafu sumu hiyo inashusha kinga, hata chanjo haishiki inavyotakiwa. Kwa hiyo mnaweza kuwa sahihi nyote wawili na gunia likawa ndilo lililowafungulia mlango.

#40 BintiTanga
Na minyoo mnaiacha? Kuku mwenye minyoo hivyo anaangushwa na upepo tu. Dawa ya minyoo kila miezi 3, hasa kwa kuku anayetoka nje.

#41 Kifaranga254
Pumba zote nimeteketeza. Mwenye shingo, tangu nitoe amproliamu na kuanza vitamini, kichwa kimerudi kidogo, anadonoa anapata. Sijui kama ni dawa iliyotoka mwilini au ni ugonjwa unaompita.

#42 DadaKangemi
Hilo halitakuambia kitu bado. Kuku aliyepona kideri naye hubaki na shingo iliyopinda wiki nyingi, wengine wananyooka taratibu. Muweke peke yake, mlishe kwa mkono, maji karibu na mdomo.

Swali jingine: wale ambao hawajaonyesha dalili, unachanja sasa au unangoja?

#43 MzeeWaDagoretti
Achanje leo.

#44 DktWaMitaani
Hapo hata madaktari hawakubaliani. Wapo wanaochanja wazima katikati ya mlipuko kwa tone la jicho, wakianza na walio mbali na wagonjwa, na inaokoa baadhi. Wapo wanaosema kuku aliye tayari na virusi ndani utamharakishia, na mikono yako itasambaza. Mimi kwa kundi dogo kama hili ningezungumza na daktari aliyempasua kabla ya kufungua chupa. Wa majirani, hao ndio wachanjwe bila kungoja.

#45 Kifaranga254
Nimeongea naye, amesema nisubiri sampuli kwa wangu na niwaambie majirani wachanje wao. Kwa walio Utawala, Mihango na Ruai: chupa ni ya dozi 100 na ukishaichanganya haihifadhiwi. Jumamosi asubuhi natafuta nyumba nne au tano tuigawane. Mimi nitanunua chanjo na kubeba barafu, lakini sitaingia mabanda ya watu na viatu vyangu. Mtu mwingine achanje.

#46 MzeeWaUtawala2
Niandike, nina kuku 18. Niko nyuma ya kituo cha mafuta.

#47 KijanaWaBurma
Nina dada yangu Mihango, ana 25. Atakuja na kitone chake.

#48 NyuziZaUmoja
Mimi nina bata watatu pamoja na kuku. Bata nao wachanjwe? Hawajawahi kuugua hata siku moja.

#49 DktWaMitaani
Ndiyo maana ni wa kuangaliwa. Bata anaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha chochote huku anavitoa kwenye kinyesi. Watenge na kuku, na maji wasishiriki. Nitakuwa Utawala Jumamosi, nitawachanjia kuku wenu wote mtakaoleta majina hapa, kila nyumba iwe na ndoo ya maji yenye dawa mlangoni ya kukanyaga.